Linapona Likipumzika

Gari lililokufa kabisa halisumbui mtu. Unaita fundi, unapanda daladala, unaendelea na maisha. Linalosumbua ni gari lililokataa kufa na likakataa kwenda. Pikapu yangu, Hilux ya mwaka 1996 yenye injini ya 3L, ilishika tabia hiyo ghafla. Unakanyaga mafuta, gari linatafakari kwanza. Unakanyaga mpaka pedeli inagusa bodi, linazidi kutafakari. Bajaji inakupita. Bodaboda yenye abiria wawili, godoro na mbuzi inakupita, na mbuzi anageuka kukuangalia.

Mimi ni mwalimu, na mwisho wa juma hufuata vitunguu Ruaha Mbuyuni nije niviuze Iringa mjini. Kati ya sehemu hizo mbili upo mlima Kitonga. Aliyewahi kusafiri kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya anaujua: kona juu ya kona, ukingo upande mmoja, jabali upande wa pili, na malori yanayokwenda Zambia yakipanda kwa gia ya kwanza. Huko ndiko gari langu lilikochagua kunidhalilisha. Chini ya mlima lilikuwa zima. Katikati nguvu zilikwisha, nikabaki natambaa na magunia yangu. Semi-trela lenye kontena likanipita taratibu, taratibu mno, hata utingo akapata muda wa kuchungulia dirishani na kuniuliza, "Mzee, hilo gari lina mgomo? Limelipwa mshahara?"

Niliporudi mjini niligundua kwamba mtu mwenye gari zima hana rafiki, ila mwenye gari bovu ana washauri kila kona. Mwenzangu anayefundisha fizikia alinifafanulia kwamba Iringa iko juu zaidi ya mita 1,500, hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa asilimia 14 hivi, na injini isiyo na turbo huvuta hewa iliyopo, haiongezi. Maelezo yake yalikuwa sahihi kabisa. Tatizo ni kwamba bajaji iliyonipita ilikuwa ikivuta hewa ileile, nayo haina turbo. Kijana wa duka la spea hakuhitaji hata kuliona gari. "Turbo imekufa hiyo," alisema, na alikuwa nayo moja dukani, used ya Dubai. Hilux yangu haijawahi kuwa na turbo tangu izaliwe. Shemeji yangu yeye alisubiri watu wapungue, akaninong'oneza: "Shemeji, hilo gari si bure. Kuna mtu kakuwekea kitu."

Nikaamua kufuata njia ya kisayansi, yaani gereji.

Gereji ya kwanza wakafungua eya klina. Vumbi lililotoka humo lingetosha kujengea kichuguu, na kwa haki yote lilistahili kutoka. Wakaweka mpya, tukaenda kulijaribu. Gari likaruka! Nikalipa, nikashukuru, nikaenda kufuata vitunguu. Kitonga, kona zilezile, mgomo uleule.

Gereji ya pili wakakaza kebo ya eksileta iliyokuwa imelegea, wakabadilisha na filta ya dizeli. Tukalijaribu. Likaruka. Kitonga likagoma. Ya tatu wakasema nozeli zinakojoa badala ya kupuliza. Tukanunua nne, kwa kuwa silinda ni nne, na bei ya nozeli nne nikiipiga kwa magunia ya vitunguu nasikia kizunguzungu. Gari likaruka. Fundi akanipa mkono, nami nikampa bahashishi. Kitonga haikujali bahashishi. Ya nne ikawa ni pampu. Ilishushwa, ikapelekwa kwa bingwa wa pampu mwenye mashine ya kuipimia, ikakaa huko na kurudi inang'aa. Bingwa mwenyewe alipanda gari, akakanyaga, akacheka: "Umesikia hiyo?" Nilisikia. Likaruka mpaka kofia yangu ikaangukia siti ya nyuma, na Hilux yangu haina siti ya nyuma.

Nadhani msomaji ameshaona jambo ambalo mimi na mafundi wote hatukuliona. Kila dawa ilifanya kazi. Gari lilikuwa mgonjwa anayepona mlangoni mwa hospitali: jino lililomliza usiku kucha linatulia daktari akisema tu "karibu." Mafundi walikuwa wakilipokea likiwa limelala gereji tangu jana, wanabadilisha kitu, wanalijaribu kwenye tambarare, linakimbia, wanajisifu. Hakuna aliyekuwa mwongo. Wote walikuwa wamemtibu mgonjwa wakati maradhi yako likizo.

Mzee mmoja mwenye gereji chini ya mwembe, anayetengeneza zaidi matrekta, ndiye aliyelivunja duara hilo. Hakufungua boneti.

"Kamwene, mwalimu. Likigoma, ukisimama kidogo inakuwaje?"

"Linapona, mzee. Nikila mahindi ya kuchoma nikarudi, linapanda."

"Na likigoma, ekzosi inatoa moshi gani?"

"Haitoi moshi kabisa. Safi!" nilijibu kwa fahari ya mtu aliyelipia nozeli nne.

"Basi usijisifu," akasema. "Hewa ikiwa ndogo mafuta yakiwa mengi, unaona moshi mweusi. Injini ikiunguza oili, moshi wa bluu. Gari likikosa nguvu na moshi usiwepo, mafuta hayafiki. Gari lako lina njaa, mwalimu."

Akanieleza mambo ambayo ningepaswa kuelezwa kabla ya eya klina. Injini ya dizeli haina plagi za kuchoma mafuta kwa cheche. Inaibana hewa, hii yangu zaidi ya mara ishirini, mpaka hewa iwe ya moto kiasi kwamba dizeli ikipulizwa humo inawaka yenyewe. Ukikanyaga pedeli unaagiza mafuta, hivyo ukiagiza na usiletewe, usimgombeze mpishi kabla hujachungulia stoo. Kisha akatoa sharti ambalo sijawahi kulisikia kwa fundi: "Usiniletee limepumzika. Tutalifuata uliko ugonjwa."

Tukapakia mawe badala ya vitunguu, maana vitunguu vilishanichoka, tukateremka hadi chini ya Kitonga na kuanza kupanda. Lilipogoma, mzee aliruka chini na kubonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta. Ilizama, haikurudi juu. Akatikisa kichwa: mbele kuzima, nyuma kumezibwa. Akachomoa mpira unaotoka kwenye tenki, akautumbukiza mwingine ndani ya dumu la dizeli alilolifunga kwa kamba pembeni ya injini, akapiga pampu kutoa upepo, akasema, "Panda."

Tulipanda. Kona ya kwanza, ya pili, tukalipita semi-trela. Nilimtafuta utingo kwa macho ili nimwambie mshahara umeingia, lakini hakuwa yule.

Tenki liliposhushwa, mzee aliingiza mkono akatoa kipande cha mfuko wa rambo, laini, kimelowa, kimetulia. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki kuanzia tarehe 1 Juni 2019; huyu alikuwa mafichoni ndani ya tenki langu. Wauza dizeli ya barabarani huziba dumu kwa kuweka nailoni chini ya kifuniko ili lisivuje, na kipande kimoja kiliponyoka wakati wa kumimina. Kwenye tambarare kiliogelea bila madhara. Mlimani injini ikivuta kwa nguvu, kilinyonywa hadi mdomoni mwa bomba na kuuziba. Nikisimama kula mahindi, mvuto unakwisha, kinaachia. Injini hii ukoo wake si wa kuchagua chakula: mwaka 1900, kwenye maonyesho ya Paris, injini ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Lakini rambo ilikataa.

Mzee alinitoza chini ya bei ya eya klina. Kutazama moshi ni bure, kuuliza ni bure, dumu na mpira anavyo kila fundi. Pampu na nozeli zingesubiri zamu yao. Mafundi wengine hawajaachia sifa zao. Bingwa wa pampu akiniona napanda mlima hunipungia mkono na kusema, "Si unaiona kazi?" Wa nozeli anawaonyesha wateja gari langu likipita. Hao nawavumilia, kwa kuwa nina injini ya zamani yenye vipuri vipya kuliko magari ya majirani.

Shemeji ndiye nisiyeweza kumjibu. Alisema kuna mtu kaniwekea kitu ndani ya gari, na kitu kimetolewa mbele ya mashahidi.