Nusu Andazi, Nusu Kaputi

Baba Yusufu aliamua mtoto asiambiwe. Yusufu ana miaka mitano, na usiku alikuwa akikoroma kama jenereta la gesti. Daktari akasema nyama za pua zimekua, zitolewe kwa nusu kaputi. Amri ya mwenye nyumba ikawa kwamba tarehe ikifika, tumwambie tunakwenda Kigamboni kupanda pantoni. "Mtoto akijua atalia," alisema, na macho yake mwenyewe yalikuwa yameshaanza kulowa.

Lakini siri haikai nyumba moja na Mwajuma. Dada mtu, miaka tisa, aliiuza kwa pipi mbili, na aliyoiuza alikuwa ameiongezea chumvi: pua inakatwa, inawekwa kwenye kopo, halafu unarudishiwa ukiwa na adabu. Yusufu akaingia chini ya kitanda cha bibi yake na hakutoka hata zilipotajwa chipsi.

Bibi, mama mkwe wangu, akaona ni zamu yake kumtuliza. Akainama na magoti yake mabovu, akamsimulia alivyokatwa kimeo kijijini kwao: fundi mmoja, kisu cha kupinda, watu wanne wa kumshikilia, ganzi hakuna. "Na mimi, mume wangu, sikulia hata kidogo." Aliyelia alikuwa huyo mume, kule chini ya kitanda. (Na msidhani kimeo ni habari za kale. Madaktari wanakataza kila siku, na bado kuna watoto wanaofikishwa hospitali wakivuja damu.)

Nesi wa kliniki aliposikia habari ya pantoni alicheka mpaka akavua miwani. Mtoto wa umri huu, alisema, mwambie siku mbili tatu kabla, kwa maneno machache na ya kweli: utalala kwa dawa, hutasikia kitu, ukiamka koo litauma kidogo, mama atakuwa karibu. Ukimwambia mapema mno anabaki na majinamizi. Ukimdanganya, kesho akiona koti jeupe haitikii hata salamu. Kisha akafungua droo akampa Yusufu kifuniko cha plastiki, kile chenyewe cha kuvutia dawa ya usingizi, akamwambia akakizoee nyumbani.

Akakizoea. Hata magharibi haijaingia, nyumba nzima ilikuwa imeshapigwa nusu kaputi. Masharti yalikuwa makali: unalala chali mkekani, unafunikwa pua na mdomo, unapuliza puto ambalo halipo, unafumba macho, na huamki mpaka daktari aseme. Mwajuma alilazwa wa kwanza, akaachwa hapo muda mrefu kuliko wagonjwa wengine wote. Nadhani habari ya kopo ilikuwa haijasamehewa. Jogoo wa jirani alihitaji wasaidizi wawili na akaondoka bila ruhusa. Mjomba Shaibu, kondakta wa daladala, alijilaza kwa utani akapitiwa kweli, zamu ya jioni ikampita. Bibi aligoma kulala, akakubali alipopewa unesi. Ilipofika zamu ya Baba Yusufu, kifuniko kilipomkaribia usoni, alisimama ghafla akakumbuka kwenda kununua vocha.

Likabaki suala la kufunga. Chakula mwisho saa sita usiku. Maji matupu anaruhusiwa, ila yakome saa mbili kabla ya dawa. Nesi alieleza sababu: mtu akiwa kwenye usingizi ule hana kikohozi cha kujikinga, kilichomo tumboni kikipanda kinaweza kuingia kwenye mapafu. Bibi alisikiliza, akaitikia kwa kichwa. Sasa nikikumbuka, aliitikia mno.

Asubuhi yenyewe daktari wa usingizi, mama wa makamo, alichuchumaa mpaka macho yake yakalingana na ya mtoto. Hakuniuliza mimi. "Dokta Yusufu, leo umekula nini?"

"Andazi."

"Zima?"

"Nusu. Nusu alikula Bibi. Tulikuwa gizani."

Sote tukamgeukia Bibi. Bibi akawa anaangalia feni. "Andazi lenyewe la kuumuka," alisema mwishowe, "ndani ni hewa tupu."

Upasuaji ukaahirishwa, na Baba Yusufu akamshukuru Mungu kwa sauti ambayo wodi ile haikuizoea. Ila safari ile haikwenda bure. Tarehe ya pili Yusufu aliingia kama mwenyeji: anakijua kitanda cha magurudumu, anaujua mlango unaojifungua wenyewe, anamwita nesi kwa jina. Bibi tulimwacha nyumbani, na hotpoti ya maandazi tukaifungia kabatini.

Baba mtu alikuwa ameshavaa gauni la kijani, kofia upande, tayari kuingia na mwanawe. Daktari akampa mkono, akauchelewesha kidogo kwenye mshipa, kisha akamwelekeza kwenye benchi. Aliniambia kando kwamba jambo hili limepimwa: mwaka 1998 daktari Zeev Kain na wenzake wa Yale, Marekani, walionyesha kwamba watoto waliopewa dawa ya kutuliza kabla ya usingizi waliogopa kidogo kuliko walioingia na mzazi tu. Mzazi mtulivu husaidia. Mzazi mwenye hofu huingia nayo ndani, na mtoto huipokea mlangoni.

Kwa hiyo Yusufu alikunywa midazolamu, chungu hata kwa juisi, na haikupita nusu saa akawa mlevi mstaarabu. Aliusalimia mti wa dripu shikamoo. Alimjulisha daktari kwamba baba huwa analia bafuni akifungulia maji. Niliingia naye mimi. Aliletewa kifuniko, akakirekebisha mwenyewe kwa ujuzi wa mtu aliyewahi kumlaza jogoo, na safari hii puto lilikuwepo kweli. Alipuliza mara mbili. Ya tatu hakuifikisha.

Kuamka ndiko kulikuwa na vurugu. Alipiga mateke, akalia kwa hasira, akaniangalia kama mpita njia. Tulishaambiwa kwamba gesi ile huwafanya hivyo baadhi ya watoto wadogo na kwamba hupita, ikapita, akaomba aiskrimu. Usiku kadhaa alishtuka, mara akalowesha godoro. Hilo nalo likaisha.

Siku hizi ana mgonjwa. Mjomba Shaibu ana jino lililooza tangu mwaka juzi, na hospitali ikitajwa anakumbuka zamu. Yusufu amempangia tarehe. Usiku wa kuamkia siku hiyo alisimama mlangoni, kifuniko mkononi, akatangaza kuwa ikifika saa sita hakuna mtu kula. Jino hung'olewa kwa ganzi tu, halina cha kufunga, lakini nani amwambie daktari? Saa tano na nusu Mjomba alikuwa bandani kwa muuza chipsi, anatafunia upande mzima chipsi mayai na mishikaki, na oda ya Bibi ikifungwa kwenye mfuko.