Amepata Choo?

Ujumbe niliomwandikia bosi haukuwa na uongo hata chembe. "Shikamoo bosi. Naomba ruhusa Alhamisi na Ijumaa. Juma wetu anafanyiwa upasuaji mdogo, na kwa hali yake hawezi kuachwa peke yake." Juma alikuwepo, alikuwa wetu, na kisu kilikuwa kinamsubiri. Nilichokiacha ni kwamba Juma ana masikio marefu.

Nilikuwa na sababu. Mtu mzima mwenye mvi, ambaye makonda wa daladala wanamwita mzee bila kuulizwa, ataandikaje kwa mkono wake kwamba anaomba siku mbili akamuuguze sungura? Mbuzi ni mali. Ng'ombe ni mali zaidi. Mbwa analinda. Sungura, kwa wengi ninaowajua, ni kitoweo kilichocheleweshwa.

Bosi alijibu papo hapo: "Pole sana. Mungu amponye Juma." Kisha, kwa huruma zake, akautupia ujumbe wangu kwenye kundi la WhatsApp la ofisi.

Mwanzoni Juma hakuwa Juma. Tulinunua sungura wawili sokoni, siku ya Ijumaa, zawadi ya binti yetu Zai alipoingia darasa la tano. Muuzaji aliwainua mmoja mmoja, akawachungulia, akaapa kwa mama yake mzazi kuwa ni dada wa tumbo moja. Kwa heshima ya siku tukawaita Mwajuma Mkubwa na Mwajuma Mdogo. Walipopita miezi mitatu, Mwajuma Mkubwa akaanza kupanda ndoo. Akapanda kandambili za mke wangu, akapanda mto wa kochi, akawa anamzunguka mwenzake huku ananguruma kama pikipiki isiyotaka kuwaka. Tena akaanza kurusha mkojo, kwa shabaha ya mwanajeshi. Tulipomgeuza tukaona vifuko viwili vyekundu visivyo na manyoya, virefu kama kokwa za tende. Siku hiyohiyo akanyang'anywa herufi tatu za mwanzo, akabaki Juma, na akahamishiwa banda la peke yake barazani.

Jirani yetu, mama anayefuga kuku wa mayai, ndiye aliyetupigia hesabu. Sungura jike hubeba mimba siku kama 31, na anaweza kushika nyingine siku ileile anayozaa. "Baba Zai," akasema, "siku Juma akivunja hilo banda, mwaka hauishi mtakuwa mnalala nje, wao ndani." Ushauri wake ulikuwa na tui zito na ndimu. Lakini Zai alikuwa anasikia, na mnyama mwenye jina hapikiki.

Ikabaki kumhasi. Nikaanza kuwapigia madaktari wa mifugo. Mbwa na paka wanahasi, mabeberu ndiyo usiseme. Nilipotaja sungura, mmoja alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Ana kilo ngapi?" kwa sauti ambayo sikuisikia kuwa ya kitabibu. Wa nne ndiye aliyesema kazi hiyo anaifahamu: nimlete asubuhi saa mbili.

Kosa langu la kwanza nililifanya kwa uzoefu. Mwaka juzi nilipasuliwa ngiri, nikakatazwa kula tangu usiku wa kuamkia siku yenyewe. Basi nami usiku ule nikamwondolea Juma majani, nyasi kavu, hata bakuli la maji, nikajiona muuguzi mkuu. Sungura akikasirika hupiga chini kwa mguu wa nyuma. Juma aliupiga mguu ule tangu saa tano mpaka adhana ya alfajiri, kama mtu anayetwanga kisamvu cha harusi.

Asubuhi nikamtia kwenye boksi la sabuni, tukapanda bajaji kutoka Tabata. Kufika Buguruni alikuwa ameshautafuna ukuta mmoja wa boksi. Dereva akatupa jicho kwenye kioo chake. "Mzee," akasema, "mzigo wako unaniangalia."

Daktari alipouliza Juma amekula nini, nilijibu kwa majivuno, "Hajatia kitu mdomoni tangu jana jioni."

Akavua miwani. "Nani kakutuma?"

Akanieleza kama anavyoelezwa mtoto. Mtu, mbwa au paka hufungishwa kwa sababu akiwa kwenye nusu kaputi anaweza kutapika, matapishi yakaingia mapafuni. Sungura hatapiki, hakuumbiwa hivyo. Tumbo lake ni kinu cha kusaga mchana na usiku. Kikisimama, gesi inajaa, vijidudu vibaya vinashika hatamu, na sungura anaweza kufa katika siku moja au mbili huku kidonda chake ni kizima kabisa. Nikatumwa genge la jirani kununua matembele. Juma akala nusu fungu juu ya meza ya daktari, na upasuaji ukasogezwa hadi saa nne.

Saa nne ikafika, Juma akalazwa chali, na zile kokwa za tende hazikuwepo. Daktari akapapasa, akacheka. Sungura dume akishikwa na hofu huzivuta zikaingia tumboni, maana njia yake haizibi hata akizeeka. Nikakumbuka hadithi ya kima aliyemwambia papa katikati ya bahari kwamba moyo kauacha nyumbani, mtini. Juma naye alikuwa amekuja kwa daktari, cha muhimu kakiacha Tabata. Lakini dawa ya usingizi haisikilizi hadithi. Ilipomkolea, zikashuka zenyewe.

Kazi yenyewe haikufika nusu saa. Maagizo ndiyo yaliyochukua muda. Asilalie maranda, yataingia kidondani. Atandikiwe taulo safi. Awekwe pa joto mpaka azinduke sawasawa, halafu kivulini penye hewa, kwani sungura hatoi jasho kama sisi na joto la Dar es Salaam humlaza haraka. Dawa ya maumivu kwa mdomo siku tatu. Kidonda kitazamwe asubuhi na jioni. Kola ya shingoni kama ya mbwa asivalishwe, kwa kuwa kuna choo laini ambacho sungura hukila palepale kinapotokea, na humo ndimo zilimo vitamini zake. (Zai alipoelezwa hili jioni, aliomba arudiwe mara mbili.)

"Na kubwa kuliko yote," daktari akasema, "hesabu choo. Leo hii ale, na apate choo. Usiku ukiingia kimya, nipigie, hata saa nane."

Alasiri Juma alikuwa kwenye kona ya sebule, kajikunja mviringo kama mkate wa kumimina, anasaga meno. Sungura akisaga meno polepole amefurahi. Akisaga kwa nguvu, anaumia. Tukalala kifudifudi sote watatu kusikiliza. Mke wangu akasema amefurahi, Zai akasema anaumia, mimi nikasikia friji. Tukampa dawa.

Tulimwekea matembele, akageuza uso. Tukamwekea giligilani, akafumba macho. Mke wangu akachuma mrehani wake, ule asiouchuma hata kwa wageni, Juma akaunusa kwa adabu na kuuacha. Jirani wa kuku akaja na kidonge cha rangi mbili, amoksilini, iliyobaki tangu alipoumwa jino. "Fungua, nusu ya unga mmwekee kwenye maji." Nikampigia daktari kuuliza kipimo. Jibu lake lilisikika mpaka jikoni: dawa hiyo ikipita mdomoni mwa sungura huua vijidudu wema wa tumboni, na mwenye tumbo huwafuata. Jirani akakirudisha kidonge kwenye kitenge chake, kimyakimya.

Ikabidi alishwe kwa nguvu. Unaloweka chakula chake cha punje kiwe uji, unauvuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano, unaupitisha pembeni ya mdomo, kwenye pengo lililo nyuma ya meno ya mbele, tone kwa tone. Bomba la kwanza lilikwenda kwenye miwani yangu. La pili likamfikia Zai. La tatu alilimeza, akinitazama kwa jicho la mdai.

Hapo ndipo hodi ilipopigwa.

Sikujua yaliyokuwa yametokea ofisini. Kwetu, upasuaji mdogo wa mtoto wa kiume una maana moja tu, na kabla ya chai ya saa nne Juma alikuwa ameshaingizwa jando. Mchango ukapitishwa. Likabaki swali ambalo hakuna aliyeliandika kwenye kundi: kila mtu anajua nina mtoto mmoja, wa kike. Sasa huyu Juma katokea wapi?

Mlangoni alisimama mama wa masijala, ameshika bahasha na mfuko wa machungwa. Nyuma yake mhasibu, kijana mpole, amebeba jogoo aliyefungwa miguu. Nyuma kabisa mzee wa stoo, na mkononi kanzu nyeupe ya mtoto wa miaka kama saba, pamoja na kofia yake. Mke wangu alifungua. Wageni wakatazamana, walikuwa wamekubaliana njiani wasimtaje Juma mpaka wajue mwenye nyumba anajua nini.

"Tumekuja kumwona… yule mgonjwa," mama wa masijala akaanza. "Yule wa Baba Zai."

"Juma? Karibuni, yuko na baba yake huko ndani."

Mama wa masijala akamshika mke wangu mikono yote miwili. "Mwenzangu, una moyo."

"Ah, nimeshamzoea. Ila makochi yangu kayamaliza kwa mikojo."

"Atakua," mhasibu akasema, akiangalia viatu vyake.

Wakaingia. Wakanikuta nimepiga magoti sakafuni, uji wa kijani kwenye miwani, bomba mkononi. "Karibuni," nikasema. "Juma ndiye huyu."

Aliyeongea peke yake alikuwa jogoo. Nilikuwa natafuta pa kuanzia kuomba radhi, mzee wa stoo akavua viatu, akakunja kanzu ya watu akaiweka pembeni, akachuchumaa. Huyu amekulia kwenye mbuzi, Kondoa. Akaweka kiganja ubavuni mwa Juma, akakiacha hapo kitambo.

"Amepata choo?"

"Bado, mzee."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu apasuliwe. Saa nne."

Akaguna, akakaa mkekani. Mzee akishakaa kwa mgonjwa, nani ataondoka? Wakakaa wote. Nikawaeleza habari ya kinu, na jinsi nilivyomlaza njaa usiku kucha, na mzee akanitazama mpaka nikanyamaza. Mke wangu akawasimulia Mwajuma Mkubwa alivyopoteza herufi zake. Mama wa masijala, ambaye mkono haukai bure, akaokota kishina cha giligilani akawa anamchezeshea Juma puani kama anayembembeleza mtoto kunywa uji. Pua ikacheza. Mdomo ukafunguka. Kishina kikaanza kuingia ndani, taratibu, kama karatasi kwenye mashine ya kunakili.

Dakika kama ishirini baadaye Zai akapiga kelele. "Baba! Moja!"

Ilikuwa punje moja, ndogo kuliko kawaida, haijazidi dengu. Ikafuata ya pili. Ilipofika ya saba, mama wa masijala hakujizuia. Akapiga kigelegele cha kutoa mwali, jirani wa kuku akaja mbio akijua kuna posa.

"Kwa hiki kilichokatwa leo," mzee wa stoo akasema akitafuta viatu vyake, "si mngemrudishia tu ile Mwa yake?"

Machungwa tulikula pamoja. Bahasha walikataa kurudishiwa, ikalipia dawa. Kanzu ilikuwa ya pamba safi, bora kuliko taulo letu lolote, Juma akailalia siku kumi na kuitafuna shingo yote. Jogoo yupo mpaka leo. Zai alimpa jina kabla maji hayajachemka.

Siku ya kumi kidonda kilikuwa kimefunga, nikataka kuwarudisha Juma na Mwajuma banda moja. Bahati nzuri niliuliza kwanza. Kumbe ukifunga koki, maji yaliyomo kwenye bomba lazima yatoke: dume aliyehasiwa anaweza kutia mimba kwa wiki kadhaa bado. Daktari akasema nisubiri wiki sita. Mzee wa stoo aliziandika kwenye kalenda ya ofisini.

Mwezi uliopita ikawa zamu ya Mwajuma. Jike asiyehasiwa, umri ukisogea, huandamwa sana na saratani ya kizazi. Na upasuaji wake ni mzito kuliko wa dume, maana tumbo hufunguliwa. Safari hii niliandika kila kitu: "Shikamoo bosi. Naomba ruhusa Alhamisi na Ijumaa. Sungura wetu wa kike anapasuliwa."

Simu haijafika mezani, jibu likaingia.

"Marahaba. Ruhusa umepata. Asilale na njaa."