Mwenye Nyumba, Mpangaji wa Taifa

Nchini Tanzania, anayejenga kwake ili aepukane na kero za mwenye nyumba hugundua punde kwamba amebadilisha mwenye nyumba tu, kwa kuwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaiweka ardhi yote mikononi mwa Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi, naye mwenye hati huruhusiwa kuitumia kwa muda maalumu, aghalabu miaka 33, 66 au 99, huku akilipia kila mwaka pango la ardhi, yaani kodi ya kukikalia kiwanja alichokwisha kukinunua. Kodi ya majengo nayo, tangu mwaka 2021, hukatwa katika ununuzi wa LUKU, yaani Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, mfumo ambao humkata aliyenunua umeme, hata akiwa mpangaji, pasipo kuuliza hati ina jina la nani. Serikali ikisharidhika, huja zamu ya fundi, ambaye huziba tundu moja la bati, hukanyaga mengine mawili yakafunguka, kisha huomba nauli. Tofauti inayosalia ni kwamba mpangaji, paa linapovuja, ana mtu wa kumlalamikia.