Sifa za Kalamu Isiyosomeka

Wako watu hapa Pweto, Mto Luvua utokapo katika Ziwa Mweru, wanung'unikao ati wanazuoni wa ilimu za jamii huja kumhoji mvuvi juu ya nyavu zake na madeni yake, kisha huandika kitabu ambacho mvuvi mwenyewe, hata akisomewa, hajitambui ndani yake. Wallahi, hawajui neema waliyopewa! Mvuvi akikifahamu si atakisahihisha, na haiba ya profesa itabaki wapi? Hirizi nayo, laiti ingesomeka na kila mtu, nani angeivaa?

Mwakumbuka fedheha ya mwaka 1965, pale André Yav, kwa ajili ya chama cha watumishi wa zamani wa majumbani, alipoandika tarikhi ya Elisabethville kwa Kiswahili cha mjini, hata boi ajuaye herufi akaweza kuisoma bila ya mwalimu. Ufidhuli ulioje! Alhamdulillahi, mwaka 1990 wataalamu waliisitiri kwa tafsiri ya Kiingereza, sharhi na tanbihi, ikastahiki kuwekwa maktabani, ambako boi haingii ila kwa kupangusa vumbi.