Gesi Imeisha, Bosi

Fundi wa kiyoyozi hapa Dar es Salaam hahitaji kuiona mashine. Anafika getini, anasikiliza kwa mbali, anatoa hukumu: "Bosi, hapo gesi imeisha." Mwonyeshe mashine isiyowaka hata taa: gesi imeisha. Rimoti haina betri: gesi imeisha. Nina hakika nikimwambia mgongo unaniuma ataniuliza mara ya mwisho nilijazwa lini.

Jamani, gesi ile si unga wa ugali. Inazunguka ndani ya mabomba ya shaba, inakwenda na kurudi miaka nenda miaka rudi, haiungui wala hailiwi. Ikipungua, ujue kuna mahali inavuja, na pasipozibwa unachonunua leo kitakuwa angani kabla ya Pasaka. Ila kutafuta tundu kwa povu la sabuni ni kazi. Kujaza ni kuunganisha mpira, kuchuchumaa na kuchati.

Sasa Februari hii, mwezi ambao mjini hapa mtu anatoka kuoga akiwa na jasho, mashine ya sebuleni ikaanza kupuliza hewa ya kawaida. Feni ya ndani inazunguka, taa inawaka, rimoti ikibonyezwa inajibu "tii" kwa adabu zote. Nje ukutani, boksi kubwa linanguruma kidogo, linasema "ta!", linanyamaza. Baada ya muda linajaribu tena. Bwana gesi akaja, akajaza, akalipwa, akaondoka na hewa ikabaki vilevile. Aliyemfuata akasema bodi imekufa, ya kuagiza Dubai, na akataja bei iliyomfanya mama watoto aende kufungua madirisha. Jirani naye, ambaye hakuitwa, akasema ni umeme mdogo. Huyo angalau alikuwa na hoja: jioni mtaa mzima ukiwasha, zile volti 230 tunazohesabiwa hufika kwangu zimechoka.

Aliyetuokoa ni kijana mmoja wa VETA, mwenye mita mkononi na maneno machache. Alizima swichi kubwa, akafungua boksi la nje, akatoa kopo dogo la bati lililovimba kichwani. Kapasita. Kazi yake ni kuisukuma kompresa ianze kuzunguka. Likichoka, kompresa inanguruma pale pale, inapata moto, kinga yake inakata umeme. "Usiliguse, mzee, hata umeme ukizimwa linaweza kukurusha." Akalimaliza chaji kwanza, ndipo akapima. Limeandikwa 35, mita ikasoma 9. Jipya lilipatikana Kariakoo kwa hela ambayo bwana gesi angeidai kama nauli tu.

Ikapoa. Kwa robo saa. Kisha ikawa inajizima huku sisi tunalowa. Kijana akafunua kifuniko cha ndani: aliyekuja kuosha mashine kabla ya Krismasi aliiacha sensa ya joto imechomoka kwenye kishikizo chake, imelalia mapezi ya baridi. Basi mashine ilikuwa inapima baridi yake yenyewe na kujipongeza. Akairudisha mahali pake kwa kidole kimoja. Sikutaka kufikiria bodi ya Dubai ingesaidia nini hapo.

Mngedhani sasa kuna amani. Shemeji yangu anaweka 16, eti ipoe haraka. Nimemweleza kwamba mashine yetu ni ya zamani, kompresa inajua kuwaka na kuzima tu, 16 na 24 zinapoza kwa kasi ileile. Tofauti ni kwamba 16 haifiki kamwe na LUKU inaisha mbio. Akanisikiliza vizuri sana. "Sawa, shem," akasema, akabonyeza "tii, tii, tii" mpaka chini. Mama mkwe akaingilia kati, akaichukua rimoti, na sasa analala nayo chini ya mto, ndani ya sweta na kanga mbili, halafu asubuhi anauliza nani aliyeizima.