Ngoja Apepese

Kwetu Tanga, nyoka hatembelewi. Akionekana uani, ama anaondoka yeye, ama tunaondoka sisi. Kwa hiyo mwenye nyumba wangu hapa Uingereza, mama wa miaka sabini na ushei, aliponialika mwezi wa Aprili twende Exmoor kutafuta nyoka wanaoota jua, nilidhani Kiingereza changu ndicho kilichoniangusha.

Tulipandia Minehead, inakoanzia njia ya miguu ya pwani yenye zaidi ya kilomita 1,000. Kulia bahari, kushoto nyika ya vilima. Mbayuwayu wamesharudi kutoka Afrika Kusini. Njiani, vichaka vya miiba vimejaa maua ya njano yanayonukia nazi. Wallahi, nazi! Nikakumbuka wali wa nyumbani, nikaingiza pua. Ilitoka na mwiba.

Sijamaliza kupangusa damu, kitu cha rangi ya shaba kikateleza miguuni. "Nyoka!" Niliruka, nikatua kwenye tope, kiatu kikabaki humo. Mama alichuchumaa tu.

"Tazama jicho."

Kile kitu kikapepesa.

"Nyoka hana kope. Huyu ni mjusi asiye na miguu, hana sumu."

Watembezi wawili waliokuwa nyuma yetu wakatabasamu kwa adabu, ile adabu inayouma kuliko kicheko.

Wahenga wanasema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mimi niliumwa na aibu, nikaacha kushtuka kabisa.

Nusu saa baadaye, kando ya jiwe, nikamwona mjusi mwingine: mnene, wa kijivu, mgongoni ana mstari mweusi uliopindapinda kama darizi ya kofia. Nikawaita wale watembezi. Nikachuchumaa kitaalamu, nikaanza somo.

"Msiogope. Tazameni jicho, sasa hivi atapepesa."

Tukangoja. Jicho jekundu kama kaa la moto, mboni imesimama wima. Tukazidi kungoja.

"Mwanangu," mama akasema taratibu, "rudi nyuma. Huyo ndiye tuliyemfuata. Nchi nzima hakuna nyoka mwingine wa porini mwenye sumu."

Fimbo yangu ikainuka yenyewe.

"Wala usimpige. Sheria ya 1981 inamlinda."

Inayonilinda mimi hakuitaja. Nikarudi kinyumenyume, kwa heshima zote, macho kwa mheshimiwa, mpaka makalio yalipogota kwenye kichaka kinachonukia nazi.