Redio Iliyokula "Ha"

Stima ilipopotea karibu Kenya nzima usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, sisi wa Nkoroi, jirani na Rongai, tulikuwa wa mwisho kujua kwamba hiyo ni habari. Tulidhani ni ile yetu ya kawaida. Tukawasha mishumaa, tukala, tukalala. Kesho yake ndipo tuliposikia kwamba hata Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta ulikuwa gizani, na kwa mara ya kwanza tukajiona tumelingana na wakubwa.

Jioni ya Jumamosi kiburi kikatuishia. Simu zilikuwa zimezima moja baada ya nyingine. Ploti yetu ina nyumba nane, geti moja na soja mmoja, mzee wa makamo ambaye sote humwita Mzee hata wale wanaomzidi umri. Kutoka geti hadi nyumba ya mwisho ni mwendo wa kumaliza ndizi moja. Mwenyekiti wetu, anayekaa hiyo nyumba ya mwisho, alimwita Mzee kwa sauti mpaka mbwa wa jirani wakaitika, wa ng'ambo ya Magadi Road nao wakadakia, ila Mzee hakuitika. Alikuwa amevaa kofia ya sufu iliyofunika masikio. Agosti huku, upepo ukishuka kutoka milima ya Ngong, hiyo ni sare ya kazi.

Mkutano ukaitwa. Ikaamuliwa tununue redio koli, na mimi nikateuliwa fundi mkuu kwa sababu niliwahi kutengeneza birika la umeme la nyumba ya nne. (Lilikuwa limechomoka tu ukutani. Sijawahi kumwambia mtu.)

Nikapanda matatu ya 126 kwenda mjini Nairobi. Gari lilipofika Wilson likakwama kwenye msongamano, nikapata muda wa kuutazama ule uwanja wa ndege ndogo na kuwaza makubwa. Pale ndipo ilipo huduma ya madaktari wa angani iliyoanzishwa mwaka 1957, ile iliyokuja kuwa AMREF, na kwa miaka mingi redio ndiyo iliyowaunganisha na zahanati za mbali ambako simu haikuwako. Nikajiambia, kama redio iliweza kumwita daktari na ndege yake, itashindwaje kumwita Mzee na kofia yake?

Luthuli Avenue nikanunua redio kumi za Kichina, kila moja kwa bei ya kuku wawili wa kienyeji. Boksi liliahidi kilomita tano. Labda jangwani. Mawimbi ya redio hizi huenda moja kwa moja kama mwanga wa tochi, na Nkoroi ina miteremko, kuta za mawe na mabati kila upande. Kwetu zilifika kwa mama mboga wa barabarani, na siku ya hewa nzuri, hatua chache mbele yake.

Usiku wa kwanza tulipoziwasha, redio ya Mzee ilimsalimu kwa Kichina. Naye, mtu wa adabu, akaitikia. Kisha ikatoka sauti ya mwanamume mwenye hasira akiuliza mifuko ya saruji iko wapi. Mzee akambania kitufe: "Hapa hakuna saruji, mkubwa. Labda uulize hapo Rongai." Yule bwana akauliza huyu ni nani. Mzee akajitambulisha kikamilifu, pamoja na zamu yake. Baadaye tulielewa kwamba redio za aina hii hutoka kiwandani zikiwa na masafa yaleyale kwenye chaneli zilezile, kwa hiyo kila aliyenunua akaziwasha bila kuzigusa amejiunga na baraza la watu wasiojuana.

Mwalimu wa nyumba ya tano ndiye aliyetuamsha. Alisema hewa hii tunayoidhani ya bure ina mwenyewe: sheria ya habari na mawasiliano ya mwaka 1998 ipo, na masafa hugawiwa kwa leseni na Mamlaka ya Mawasiliano. Mwenyekiti, mstaafu wa serikali, akatetemeka kidogo. Redio zikafungiwa kabatini, maombi yakapelekwa, ada ikalipwa, na fundi aliyejua kazi akazipangia masafa tuliyoruhusiwa. Halafu akatuongezea zawadi. Kila redio yetu ikibanwa hutoa toni ya chini ambayo redio inayopokea huichuja mtu asiisikie, na redio nyingine haifungui spika mpaka iitambue toni hiyo. Mtu wa saruji tukaagana naye. Wengi hudhani toni hiyo inawaficha. Haifichi chochote, mwenye redio wazi anakusikia kama kawaida. Imekuziba masikio wewe tu.

Na hapo ndipo mkosi wetu ulipoingia, kwa mlango wa mbele.

Kuitambua toni huchukua kitambo, kama robo ya sekunde hivi. Ukibana na kusema papo hapo, spika za wenzako bado zimefunga, na silabi yako ya kwanza, au mbili ukiwa na haraka, inapotelea njiani. Mzungu akipoteza silabi moja hajapoteza kitu. Huanza na salamu na kusafisha koo. Sisi wasemaji wa Kiswahili tumeweka kukanusha kwetu karibu kote palepale mwanzoni mwa neno, kama mtu anayeacha pochi juu ya ngazi. "Hakuna" ikiliwa "ha" ni "kuna." "Hatutakuja" ni "tutakuja." "Hamtalipa" ni "mtalipa," na hiyo ilisababisha furaha ya siku mbili kuhusu bili ya takataka. Redio yetu haikupotosha maneno yoyote. Ilikataa tu kukataa.

Mimi nilikuwa wa kwanza kulipa. Mke wangu alikuwa nyumba ya tatu na watoto, kwenye sherehe ya kuzaliwa. Akanibonyezea: "Hatutakula nyumbani." Nikasikia, "…tutakula nyumbani," nikashangaa kwa nini atangaze jambo la kila siku, lakini nikatii. Nikapika ugali na matumbo ya watu watano. Waliporudi na shibe ya keki, nikawatazama kama mwenye hoteli aliyekimbiwa na wateja.

Kisha ng'ombe. Ilikuwa bado kiangazi, kabla ya zile mvua za El Niño, na nyasi kijijini zilikuwa zimebaki ndani ya fensi za watu peke yake. Wafugaji hupitisha mifugo barabarani kwetu, na haki yao ni kubwa kuliko yetu: wao walikuwa hapa wakati ploti hizi hazijapata hata vigingi. Nikiwa ghorofani nikaona kundi la kama arubaini likishuka polepole, macho yote kwenye sukuma wiki ya Mwenyekiti. Nikabana, nikapiga kelele: "Usifungue geti!"

Mzee akafungua geti. Mabawa yote mawili.

Nilipomfikia nikihema, alikuwa amesimama wima kando ya geti kama anayepokea mgeni wa taifa, na ng'ombe wanaingia wawiliwawili. "Mkubwa," akanieleza kwa utulivu, "nilisikia '…fungue geti.' Siku zote huniambia 'fungua.' Nikajua leo umeamua kuniomba kwa heshima, ndiyo maana nikafungua yote."

Nilishindwa kumjibu. Kwa sarufi, alikuwa sahihi.

Fundi akaniambia dawa kwa simu: bana, hesabu moja moyoni, ndipo useme. Nani anahesabu moyoni huku ng'ombe wanaingia? Mama wa Pwani wa nyumba ya tatu alikuwa na shauri lake. Kwao, alisema, mtu akikataa hukataa kwa "la hasha." Redio ikila "la," "hasha" inabaki, na hasha peke yake bado ni kukataa. Ni hoja safi mno, na bado naamini watu wa pwani waliijenga lugha hii wakijua redio zitakuja. Lakini wabara sisi ulimi ulitukwama. Mtoto wa nyumba ya sita alijaribu mara moja, ikatoka "lahashwa," tukaacha.

Dawa iliyoshika ni ya Mzee: kikohozi. Unabana, unakohoa, unasema. Redio inakula kikohozi na kushiba, na maneno yanapita salama. Kwa wiki moja ploti nzima ikakohoa. Mgeni mmoja aliyelala kwetu alituuliza kwa upole kama tumeshapima kifua.

Mwenyekiti peke yake hakukohoa. Alisema aliongoza idara kwa miaka na maneno yake hayajawahi kuhitaji kupigiwa ngoma ya kutangulia.

Kuzitunza redio nako kulikuwa na masomo yake. Ile ya akiba iliuawa na mtoto wa nyumba ya pili aliyeifungua antena akaifanya fimbo ya mchezo, kisha mwenzake akabana kitufe kuita jeshi. Redio ikibanwa bila antena, nguvu iliyotakiwa kutoka haina pa kutokea, inarudi ndani na inaweza kuunguza sehemu iliyoizalisha. Ya nyumba ya saba ilitumbukia kwenye ndoo, ikazikwa siku tatu ndani ya mchele. Fundi alipoifungua alikuta vumbi la mchele, punje moja, na maji yaleyale. Akasema ingetosha kutoa betri mara moja na kuiacha wazi penye upepo. Ya Mzee ikagoma kuchaji. Nikaitazama kwa makini ya kifundi. Vile vidoa vya shaba vinavyogusana na chaja vilikuwa vimefunikwa na sukari, maana aliiweka mfuko mmoja na mandazi. Nikavipangusa kwa kitambaa chenye spiriti, taa ikawaka nyekundu, na sifa yangu ya birika ikapata mwenzake.

Yangu nayo niliilalia usiku mmoja, kitufe kikiwa ubavuni. Redio hizi hujikata zenyewe mtu akibana kwa dakika kadhaa, kwa hiyo nilikoroma, ikakata, nikageuka, nikaibana tena, nikaendelea. Mzee aliandika kwenye kitabu chake cha zamu: "Saa nane hadi saa kumi, jenereta isiyojulikana."

Tarehe 10 Desemba stima ikapotea tena nchi nzima, Jumapili, mnamo saa mbili usiku. Safari hii tulikuwa tayari. Mvua ilinyesha ile ya kutowasikia hata wanao mkiwa meza moja. Kitu kikaanguka nyuma ya nyumba ya tano, na Mwalimu, mwanamume wa kweli, akatoka na tochi. Akakuta paka na sufuria. Kwa kufurahi akasahau kikohozi. Redio nane zikasema kwa pamoja: "…kuna mwizi. Rudini mlale."

Ujumbe huo ulichambuliwa. Mke wangu alisema ni ushujaa. Mwenyekiti akasema hapana, kwa nini mtu atuambie tulale na mwizi yumo, ila kama wanajuana? Tukatoka kila mtu na alichonacho: rungu, nyundo, na mama wa nyumba ya kwanza na mwiko wa ugali. Tukaona tochi nyuma ya tangi la maji, tukalizunguka. Mwalimu akasikia vishindo vya watu gizani, akajibanza, akabana redio na kujitetea kama mwalimu anavyojitetea, kwa ufupi na ufasaha: "Si mimi!"

"…mimi!" zikasema redio zetu.

Namshukuru yule paka, aliyeruka juu ya tangi wakati ule na sufuria ikamfuata. Mwiko ulikuwa umeshainuliwa.

Tulidhani baada ya usiku ule hata Mwenyekiti atakohoa. Hakukohoa. Ikaingia Januari, ile Wakenya tunayoiita Njaanuari, na Mzee alikuwa ameomba nyongeza ya mshahara kwa barua, yenye tarehe na sahihi, akitaja ng'ombe, usiku wa paka na bei ya unga. Kamati ikakaa. Pesa hazikuwako. Ilibaki Mwenyekiti ampelekee jibu. Kulikuwa na tope, na kutoka nyumba ya mwisho hadi geti ni ule mwendo wa ndizi moja. Akatazama viatu vyake, akatazama redio. Akabana.

"Hatutaongeza mshahara mwezi huu."

Tulikuwa sote hewani, na mama mboga pia, ambaye tulikuwa tumemwazima moja ya redio zetu ili tumuagize nyanya. Mzee hakuchelewa hata nukta. Alikohoa, kikohozi kirefu, cha nidhamu, kisha akasema kwa sauti safi kama ya mtangazaji: "Nimekupata vizuri sana, Mwenyekiti. Mmesema mtaongeza mshahara mwezi huu. Mungu awabariki wote mnaosikiliza. Ova."

Kukawa kimya. Halafu mama mboga akasema, "Hongera, Mzee," na nyumba ya tatu ikasema hongera, na ya sita, na mimi pia nikabana, nikakohoa, nikasema hongera.

Ndipo Mwenyekiti akakohoa.